Jina Nililolitaja Mazoezini

Jumatatu, Februari 3, 2025

"Neno likishatoka kinywani limetendeka. Mungu hana sikio moja la mambo ya kweli na lingine la maigizo." Hayo aliyasema leo asubuhi gwarideni Mchungaji Munyi, anayehudumu hapa chuoni, na kati ya wanafunzi wote alikuwa akinitazama mimi.

Mchungaji, si kweli. Kila Pasaka vijana wa kanisa lako huigiza kesi ya Yesu, na wewe mwenyewe ndiwe unayechagua nani awe Pilato. Mwaka jana Pilato alikuwa mweka hazina wa kanisa. Alinawa mikono, akamtoa Mwana wa Mungu auawe, kisha akaenda nyumbani kula mukimo. Mbona hukumtenga? Mbona bado anashika sadaka? Au Mungu huyajua maigizo pale tu yanapofanyika chini ya paa lako?

Ningemjibu palepale, lakini gwarideni mwanafunzi hajibu, kwa hiyo najibu hapa. Mwalimu Njoka, aliyeutunga mchezo wetu na anayetuongoza, ameagiza kila mwigizaji awe na shajara ya mazoezi. Baada ya tamasha tutasomeana, kila mtu ya kwake, bila kufuta kitu. Vizuri. Ninyi mtakaonisikiliza mnaniita Mathe kwa sababu ningeweza kuwazaa wote. Jina langu ni Kathure. Nilikuwa nikifundisha chekechea Timau kabla wengi wenu hamjazaliwa, na nimekuja Embu kwa sababu siku hizi cheti cha zamani hakitoshi. Mume wangu Kiambi alifariki. Kwa kalamu nimegombana na wahariri, machifu na askofu mmoja. Sitatolewa jukwaani na mahubiri ya dakika tano.

Nimepewa nafasi ya mama. Ni mjane ambaye mwanawe wa pekee, Mutegi, anauza shamba pamoja na kaburi la baba yake. Katika onyesho la tatu mama anamlaani. Mchezo wote umesimama juu ya laana hiyo.

Alhamisi, Februari 6

Mazoezi. Gachoki, anayeigiza Mutegi, hajui mistari yake. Jua kali, vumbi hadi kwenye chai.

Jumanne, Februari 11

"Mathe, unanitisha lakini hunilaani," Gachoki aliniambia leo. Ni kijana wa Runyenjes, ana mdomo. "Unakaa ni kama unaniandikia barua kwa gazeti."

Wenzake wakacheka. Igoki, anayeigiza mke wa Mutegi na ambaye pia hutupiga picha za video ili tuyaone makosa yetu, akaongeza la kwake. "Na vile tunaambiwa Wameru wako na hasira. Kumbe hizo huwa mnaachia nyumbani?"

"Hasira ya Mmeru haigawiwi Waembu bure," nilimjibu. "Lete gunia upimiwe."

Njoka hakucheka. Hupanda jukwaani bila viatu, anakukaribia mpaka unasikia harufu ya kahawa mdomoni mwake. "Unashinda hoja," aliniambia. "Mama anayemlaani mtoto hashindi hoja. Ameshashindwa. Nipe mtu aliyeshindwa."

Nilimwambia sijui kushindwa. Akasema hilo sasa ndilo tatizo la mchezo wake.

Nampenda mtu huyu. Hapa chuoni ni yeye peke yake aliyesoma vitabu ambavyo hakulazimishwa kuvisoma.

Ijumaa, Februari 14

Hakuna mazoezi. Mjini vijana wanatembea na maua. Pengine mengine yamekatwa na mikono ya mwanangu Murungi. Desemba aliacha chuo cha ufundi bila kuniambia, akaajiriwa katika shamba la maua huko Timau, akamchukua msichana anayeitwa Kinya wakaanza kukaa pamoja. Nilimsema mbele ya shangazi zake siku ya Krismasi. Akaiacha sahani yake mezani, akatoka. Leo sikumpigia simu. Hakunipigia.

Jumatano, Februari 19

Leo limetokea jambo.

Tulikuwa tumerudia onyesho la tatu asubuhi yote. Mimi nasimama kando ya kaburi, nachota udongo, nauachia upite kati ya vidole, nasema: "Mutegi, tumbo lililokubeba limekukana. Utakachokizaa kisikuite baba." Maneno hayo Njoka aliyapata kwa nyanya yake, na sisi watu wa mlima huu hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Mzee akilaani, kuna wazee wenzake wa kumtuliza. Mama akilaani, hakuna anayeweza kuiondoa ila yeye mwenyewe. Kwa hiyo kila nilipofika pale, ulimi ulijikaza. Nilikuwa natoa hotuba ili nisiitoe laana.

Njoka akasimamisha mazoezi. "Mutegi humjui," alisema. "Ndiyo maana huwezi. Mweke mtu unayemjua. Mtu aliyekuumiza. Mtaje kwa jina, mara moja tu, halafu tutarudi kwa Mutegi. Ni njia ya kazi. Waigizaji wote huifanya."

"Mwalimu, hiyo ni dawa ya kienyeji," Gachoki alisema.

"Nyamaza wewe, simama mahali pako."

Nilichota udongo. Nilimtazama Gachoki, nikaiona sahani ya Krismasi, mchuzi ukiganda juu yake, na shangazi zake wakinitazama. Nikasema: "Murungi, tumbo lililokubeba limekukana. Utakachokizaa kisikuite baba."

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya chini, imechoka. Gachoki alirudi nyuma mpaka akaigonga benchi. Kisha Njoka akapiga makofi, taratibu, na wengine wakafuata. Gachoki alikuwa akifuta macho kwa mkono wa sweta, akisema ni vumbi.

Nilisikia raha. Nayaandika haya kwa sababu tulikubaliana hakuna kufuta. Raha ya mtu aliyebeba mzigo wa kuni tangu msituni, akautua.

Alhamisi, Februari 20

Njoka asema sasa mchezo upo. Nimelala vizuri, nimekula vizuri. Mchungaji Munyi tulipishana kwenye ngazi, nikamsalimu kwa heshima zote za mshindi.

Alhamisi, Februari 27

"Mathe, uko kila mahali," Gachoki aliniambia chakulani, akanipa simu yake. Ni ile video ya Igoki. Aliiweka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, kama anavyoweka zote. Mtu akaitoa huko. Imekatwa ikabaki ile sehemu yenyewe tu: hakuna jukwaa, hakuna Njoka, hakuna benchi. Kuna mwanamke mwenye leso kichwani, udongo mkononi, akimlaani Murungi. Mtu ameandika chini yake: Mama wa Meru amechoka.

Igoki alilia. "Mathe, aki mimi niliweka kwa grupu tu, ya kufanyia kazi."

Nilimwambia asijali. Nilidhani nasema kweli.

Jumatatu, Machi 3

Wifi yangu Kagwiria amepiga simu kutoka Timau. Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko kawaida.

"Mama Murungi, uko mzima?"

"Mzima. Nyumbani?"

"Nyumbani tumekuona."

"Mmeniona wapi?"

"Kwa simu. Hata mzee ameonyeshwa. Na hakuuliza kitu, ameingia ndani akafunga mlango."

"Kagwiria, huo ni mchezo wa kuigiza. Nilikuwa mazoezini. Mtoto wa kwenye mchezo anaitwa Mutegi."

"Huyo Mutegi umemtaja wapi? Mimi nimeisikiza mara tatu. Umesema Murungi. Na si jina ya mtoto peke yake, unajua. Ni ya baba mkwe wako. Kwa mdomo mmoja umemaliza kijana na babu yake."

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na aliyepewa jina ni mwenye jina. Hilo nalijua tangu utotoni. Siku ile mazoezini halikunipitia akilini hata kidogo.

"Murungi anasemaje?" nikauliza.

"Kinya ni mjamzito, hukuambiwa? Miezi saba. Sasa fikiria vile anasema."

Jumatano, Machi 5

Murungi hashiki simu. Nimemwandikia maelezo marefu. Alama zimegeuka bluu. Amesoma.

Jumatatu, Machi 10

Mbingu nzito, mvua haiji. Nilisimama mbele ya kikundi nikaomba kila aliye na ile video aifute, na Njoka aandike popote pale kwamba ilikuwa mazoezi. Vijana wakaangalia chini. Njoka akanivuta kando.

"Mama Kathure, elewa jambo moja. Hakuna chuo kinachozungumziwa kama sisi kabla ya tamasha. Ukiwaambia ni mazoezi, unawaua hamu. Waache waje wajionee."

"Mwanangu ameamini."

"Basi umeigiza vizuri. Hiyo si ndiyo kazi?"

Mimi ndiye niliyemsifu kwa vitabu vyake. Nimegombana maisha yangu yote na watu wanaotumia imani ya maskini kujaza makanisa. Huyu anaitumia kujaza ukumbi, na hata sadaka haombi, anaomba makofi.

Jumamosi, Machi 15

Mvua ya kwanza. Hapa Dallas, mtaa wa Embu ninapopanga, mifereji imebeba viatu vya watu.

Jumanne, Machi 18

Nimetoka Timau. Baridi ya huko imenifuata hadi kitandani.

Murungi nilimkuta nyuma ya nyumba ya babu yake, akitazama mashamba ya ngano ya watu wengine. Amekonda. Alipoona nakuja alirudi nyuma, akaweka ua kati yetu, ule ua wa miiba tulioupanda na baba yake.

"Shikamoo, mama. Simama tu hapo."

"Kwa nini nisimame? Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana."

Ameacha kazi ya maua. Ng'ombe aliyepewa na babu yake amemrudisha, asije akamharibia maziwa. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniua. Kama angenitukana ningejua pa kushika. Badala yake aliniambia, kwa sauti ya mtoto anayerudisha kalamu aliyoazima, "Ulikuwa na haki. Nilikuacha na aibu siku ya Krismasi."

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu Njoka, kuhusu njia ya kazi ya waigizaji, kuhusu Pilato na mweka hazina. Nilizipanga hoja zangu kuliko nilivyowahi kumpangia mhariri yeyote. Alisikiliza hadi mwisho, mvua ikimwagikia kofia yake.

"Umeongea vizuri, mama," akasema. "Lakini siku ile hukuwa unaongea vizuri. Ndiyo maana nikaamini."

Kinya alikuwa mlangoni, mkono juu ya tumbo. Hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu. Mzee naye nilimsalimu kupitia mlango uliofungwa, akakohoa tu.

Jumamosi, Machi 22

Mvua. Mazoezi. Nilipofika kwenye laana nilisahau mistari. Igoki akaninong'oneza. Nikakataa hata kunong'onezewa.

Jumatano, Machi 26

Kinya alijifungua jana kwa upasuaji, kabla ya wakati. Msichana. Ni mdogo sana, yuko katika wodi ya watoto njiti katika hospitali huko Meru. Kagwiria alinipigia alfajiri, akasema maneno hayo bila hata kunisalimu, akakata.

Magari ya abiria yalikuwa hayajaanza kwenda, njia imeharibika huko mbele. Nilikuwa langoni pa chuo nikilowa, nimevaa viatu vya ndani, Mchungaji Munyi aliposimamisha gari lake kuukuu, akafungua mlango wa pembeni. Sijui alisikia kwa nani. Nilipanda. Maji yakimvamia mtu hachagui mtumbwi.

Tulifika mto Thuci. Pale kwenye kona akapunguza mwendo, akauliza akiwa anatazama barabara, "Mwalimu, nikuulize kitu. Ulipolitaja lile jina, ulimaanisha?"

Watu wameniuliza mengi mwezi huu. Hili hakuna aliyeniuliza.

"Kwa pumzi moja," nikasema. "Ndiyo."

"Basi pale hukuwa unaigiza."

"La. Lakini wewe hukusema hivyo gwarideni. Ulisema hata kuigiza kwenyewe ni kutenda. Ulikuwa unamsingizia Mungu ukiziwi."

"Hapo nilikosea."

"Si kosa dogo, Mchungaji. Nani alimfundisha Murungi kwamba mdomo wa mtu unaweza kufunga tumbo la mwanamke asiyemjua? Si mimi. Kila Jumapili tangu shule ya msingi amewasikia watu wa kazi yako wakivunja laana kwa kipaza sauti. Mkishazivunja, lazima ziwepo. Mimi nilirusha kiberiti, sikatai. Nyasi kavu mlizitandika ninyi."

Alikunja uso. Nilidhani atanishusha. Tulipofika Chuka alisimama kando ya barabara, akatoa simu yake. "Nilikuwa nayo," akasema. "Niliwatumia wazee wa kanisa, kama ushahidi dhidi ya mchezo wenu." Akaifuta nikiona. Kisha akaanza kuwapigia, mmoja baada ya mwingine: ifute, na kama kuna uliyemtumia mpigie. Mmoja alimletea maneno. "Mzee, sikuulizi kama inafurahisha," Munyi akamwambia. "Nakwambia ifute." Tulikaa hapo hadi vioo vikajaa ukungu.

Sikumwomba msamaha wala hakuniomba. Lakini kwa mara ya kwanza nilimwona mtu akisahihisha alichoharibu kwa kazi, si kwa hotuba.

Wodini nesi anaitwa Marcella. Ni mwanamke mpana anayesema mambo mara moja. "Huyu mtoto anataka kifua cha mtu," aliniambia. "Ngozi kwa ngozi, amefungwa hapa, mchana na usiku. Mashine tuko nazo chache na watoto ni wengi, na hata ingekuwa yake peke yake, kifua ni bora. Mama yake ameshikwa na homa, kidonda kimeingia uchafu, hawezi. Baba yuko hapo nje na hataki. Kwa nini hataki?"

Nikafungua vifungo vyangu nikamwambia aniletee mimi. Kinya, kutoka kitandani, kwa sauti ya homa, akasema, "Si yeye. Mama, nisamehe. Lakini si yeye."

Mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake. Huyu alipaswa kuwa Kathure. Kwenye kibandiko cha kitanda chake wameandika: Mtoto wa Kinya. Hakuna anayetaka kulitamka jina langu juu yake.

Alhamisi, Machi 27

Murungi ameketi kwenye benchi nje ya wodi, mikono katikati ya magoti.

"Nikimshika nitampitishia," ananiambia.

"Hakuna cha kupitisha."

"Mama, ulisema kisiniite baba. Sasa tazama. Hata kulia hawezi."

Mtoto amepungua uzito tena.

Ijumaa, Machi 28

Leo nimefanya nilichoapa sitakifanya.

Nilimpigia Kagwiria nikamwambia amlete mzee. Wakaja na mvua. Mzee Murungi alitembea korido nzima akiwa ameshika ukuta, akaketi kando ya mjukuu wake, majina mawili kwenye benchi moja. Nilimwambia yule mzee, mbele ya wote, kwamba niko tayari kuiondoa. Mimi, niliyeandika magazetini kwamba mila za namna hii ni minyororo. Hakuna mhariri aliyekuwepo, na kama angekuwepo ningemwambia aandike kwa herufi kubwa. Mtoto akifa huku mimi nimeshinda hoja, hoja hiyo nizikwe nayo.

Kwetu haina mapambo. Mama huchukua maji kinywani. Mwana hufungua shati. Mama humnyunyizia kifuani na kusema alichofunga amekifungua. Kagwiria alishika kikombe. Munyi, ambaye hajarudi Embu, alisimama mbali kidogo akiwa amevua kofia. Hakusema amina, na nikamshukuru moyoni.

Nilinyunyiza. Nikasema, "Murungi, tumbo lililokubeba linakujua. Nilichofunga nimefungua. Utakachokizaa kikuite baba." Safari hii pia sikuongea vizuri. Mzee akaitikia. Murungi akafumba macho, na nikaona mabega yake yakishuka. Nesi Marcella, aliyekuwa akitazama mlangoni, aliingia ndani upesi kumleta mtoto.

Kwenye benchi la pili kulikuwa na vijana wawili waliomleta mgonjwa wao. Mmoja alikuwa akinitazama tangu mwanzo. "Si huyu ndiye ule mama?" akamwambia mwenzake. "Ule wa udongo." Mwenzake akabisha. Basi yule wa kwanza akatoa simu ili amthibitishie. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anashinda ubishi.

Sauti yangu ikatoka, ya chini, imechoka: Murungi, tumbo lililokubeba limekukana.

Nesi alitoka na kifurushi kidogo mikononi, akamkuta Murungi anafunga vifungo, kimoja kimoja, hadi cha shingoni.

"Umesikia, mama," akasema. "Umesema tena."

"Hiyo ni ya zamani. Nimeiondoa sasa hivi."

"Umeiondoa mara moja. Hiyo unaisema kila wakati. Hata ukiwa umelala unaisema, mahali fulani." Akamtazama mtoto, akaangalia kando haraka. "Siku utanyamaza, nitamshika."

Nilimgeukia mzee. Mzee wa miaka yote hiyo, aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka, wa mahari, wa damu. Alitikisa kichwa. "Zamani mtu alisema mara moja," akasema. "Hili sijui linaondolewa vipi."

Jumapili, Machi 30

Munyi amekuwa akiwapigia watu simu tangu jana ili waifute. Mtoto yuko vilevile; Kagwiria alijitolea kumshika, nesi akamkataza kwa sababu ya mafua. Mvua.

Jumatatu, Machi 31

Njoka amepiga. Tamasha ni Alhamisi. "Ukumbi utafurika," alisema. "Wote wanamtaka yule mama."

"Mpe Igoki."

"Igoki hana kile kitu."

"Mshukuru Mungu hana."

Akaniambia sanaa hudai gharama. Nilimuuliza amewahi kulipa ipi. Bado anafikiri.

Jumanne, Aprili 1

Sitangoja siku ya kusomeana. Napiga picha kurasa hizi, zote, nazituma sasa hivi kwenye kikundi kilekile ilikotokea video. Hakuna nilichofuta.

Mchungaji Munyi alisema neno likitoka limetendeka. Bado nasema si kweli, na yeye sasa anajua kwa nini nasema hivyo. Neno halina mikono. Lakini watu wanayo, na wameikunjua kila mmoja kwa kidole kimoja, wakalifanyia kazi neno langu ambalo mimi mwenyewe nililitaka kwa pumzi moja tu. Msijifiche nyuma ya pumzi yangu. Ile ni yangu, nitaibeba. Zilizofuata ni zenu.

Nazungumza nanyi mnaoyasoma haya: Igoki, uliyeipiga. Gachoki, uliyenionyesha ukicheka. Mwalimu Njoka, uliyekataa kuikanusha kwa sababu inajaza viti. Na kila mmoja katika kikundi chetu ambaye aliipeleka kwa dada, kwa mpenzi, kwa watu wa kijijini kwao, na kila aliyeipokea. Ifuteni. Si kesho, si baada ya tamasha. Kisha mpigie uliyemtumia umwambie aifute naye, na akileta maneno, mwambie sikuulizi kama inafurahisha. Kisha mpigie Murungi. Mwambie jina lako na mahali ulipo, mwambie kwako imenyamaza. Usimpe pole. Usimwombee kwenye simu. Usimweleze kuhusu maigizo, nimeshamweleza na haikusaidia. Mwambie tu kwamba kwako imenyamaza.

Namba yake nimempa Gachoki, naye anaiweka hapa chini, sasa hivi, kabla hajajibu kitu kingine.

Ameketi nje ya wodi, vifungo vyote vimefungwa. Simu yake nimeitia chaji, iko mkononi mwake. Pigeni.